Baiskeli ya Pili Kutoka Ukutani

Behewa la mwisho la treni ya asubuhi lilikuwa na upande mmoja usio na viti. Viti viling'olewa zamani, ukabaki ukuta wa bati, chuma kirefu cha kushikilia, na kibao kilichosema BAISKELI HAPA TU. Wakubwa wa reli walidhani kibao kinatosha. Hawakuwahi kumwona mtu wa kushuka kituo cha kwanza akihangaika kuchomoa baiskeli yake iliyobanwa na nyingine tele, treni inapiga honi, na watu wazima na akili zao wanatukanana mpaka kwenye ukoo. Wenye baiskeli wakaona isiwe tabu, wakajitungia sheria yao. Anayeshuka mwisho wa reli anaegemeza ukutani. Anayeshuka kituo cha kabla ya hapo anaegemeza yake juu ya hiyo. Hivyo hivyo mpaka wa kituo cha kwanza, ambaye baiskeli yake inakaa mlangoni kabisa, kaishika kwa mkono.

Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa mnoa visu, mtu wa sauti kubwa na tumbo la kutosha, aliyefunga jiwe la kunolea mbele ya baiskeli yake. Hakuteuliwa na yeyote; alijiteua, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumpinga asubuhi namna ile. Walimwita Kinoo. Humo ndani jina la mtu lilikuwa kile alichofunga kwenye baiskeli yake, basi. Majina waliyopewa na wazazi wao waliyaacha nyumbani. Mgeni akipanda, Kinoo alimwuliza kabla hata ya salamu, "Unashuka wapi?" Akishajibiwa, hakuwa na swali lingine.

Baiskeli ya ukutani kabisa ilikuwa ya Brashi. Brashi alikuwa muosha matangi ya maji. Kwenye kerio, nyuma ya kiti, alifunga brashi za mipini mirefu, ndoo, mpira wa maji na kopo la dawa, na kwa sababu kazi zake nyingi zilikuwa kwenye maghorofa ya mwisho wa reli, yeye ndiye aliyeshuka baada ya wote. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye mabega ya kupenya kwenye mdomo wa tangi bila kukwaruza. Alikaa peke yake katika chumba kimoja na sebule, na hiyo sebule aliiita sebule kwa kujipa moyo tu, maana hakuwahi kumkaribisha mgeni. Mke aliwahi kuwa naye, akaondoka mapema, akaolewa kwingine, na hakuna aliyemlaumu.

Baiskeli ya pili kutoka ukutani ilikuwa ya Mizani. Huyu alitengeneza mizani za sokoni, zile za wauza nyama na wauza nafaka, akashuka kituo cha soko, kimoja tu kabla ya mwisho. Alipanda kituo kimoja baada ya Brashi, akaiegemeza baiskeli yake juu ya ya Brashi, usukani kwa usukani, pedali ikiingia kwenye spoku za mwenzake, kisha akasimama dirishani. Hakusema neno. Brashi naye hakusema neno. Siku moja Kinoo aliwatazama kwa zamu, akacheka, akasema, "Ninyi wawili mmefanana pua, mtu angedhani mmechangia tumbo." Wote wawili wakaangalia nje.

Walichangia. Mizani alikuwa mdogo wake Brashi, wa kumfuata kabisa, na hawakuwa wamesemeshana tangu siku alipozikwa mama yao.

Siku ile Brashi alikuwa ndani ya tangi. Simu yake aliiacha chini pamoja na nguo kavu, kama alivyofanya siku zote, kwa hiyo iliita mpaka ikachoka. Alipotoka na kuiona, alikimbilia stesheni na nguo zikiwa bado zimelowa. Alifika makaburini wanaume wanasawazisha udongo. Na Mizani, aliyekuwa amemuuguza mama wiki nzima bila kupata usingizi, akainua kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Haya, mgeni rasmi ndiyo huyo amefika."

Watu wawili watatu wakacheka. Hicho ndicho kilichomkata maini Brashi, kile kicheko, juu ya kaburi la mama yake. Akageuza baiskeli palepale. Shemeji yake, mke wa Mizani, alimkimbilia mpaka barabarani akiwa peku, akimwita, "Shemeji! Shemeji, rudi jamani!" Brashi alimsikia vizuri sana. Hakugeuka.

Tangu hapo akawa anasubiri. Alikuwa mkubwa, na mdogo ndiye anayeanza kumwamkia mkubwa. Huo ndio utaratibu aliolelewa nao, na hakuona kwa nini yeye aupindue. Kila asubuhi treni ilipopunguza mwendo kituo cha pili, moyo ulimdunda kidogo. Leo ataniamkia, alijiambia. Mizani akapanda, akaegemeza baiskeli, akaenda dirishani. Haya, labda kesho. Kesho hizo ziligeuka miaka, na mtu mwenye kichwa kigumu akishazoea kusubiri huanza kuona kusubiri kwenyewe ndiyo kazi.

Lakini msimwonee huruma haraka, maana mwenyewe hakujiona fukara. Alikuwa na baiskeli. Baiskeli ya mdogo wake iliegemea yake kila asubuhi, chuma kwa chuma, na Brashi aliisoma. Tairi mpya ya nyuma: biashara imechangamka. Kiti kimeshushwa kidogo: umri huo, magoti hayo. Cheni imepakwa mafuta, kengele imebadilishwa, matope mekundu kwenye breki, basi amepita njia ya shimoni. Jioni, akila chakula chake kwa kijiko kimoja na sahani moja, alijisimulia habari hizo kama mtu aliyetoka kutembelea ndugu. Mdogo wangu hajambo. Nyumbani kwao wazima. Na kweli aliamini kwamba ana ndugu, na kwamba hawajapoteana, ila wamenuniana tu.

Kisha Mizani akaacha kuonekana.

Siku ya kwanza Brashi aliona ni jambo la kawaida. Siku ya pili Kinoo aliacha nafasi wazi kati ya baiskeli ya ukutani na ya mbele yake, kwa heshima ya mwenye nafasi, akauliza, "Brashi, jirani yako yuko wapi?"

"Nitajuaje mimi?"

"Nimeuliza tu. Mbona unakuja juu?"

Wiki ikapita. Baiskeli ya Brashi ilisimama ukutani bila kuegemewa, na kila treni ilipoyumba iligongagonga bati. Brashi akaweka mkono juu yake ili itulie. Usiku alipata usingizi wa vipande. Angeweza kwenda, nyumba aliijua, aliwahi kusaidia kuezeka paa lake. Lakini aende aseme nini? Atafika mlangoni, mkubwa mzima, aanze yeye? Akajikaza. Akasema labda ni mafua.

Jumatatu iliyofuata baiskeli ikarudi.

Aliiona kabla treni haijasimama kituo cha pili, fremu ya kijani iliyochubuka, kishikio cha kushoto kimefungwa utepe mweusi. Moyo ukamruka kwa furaha, na furaha hiyo hakuificha, hapakuwa na wa kumficha. Kisha akaona anayeisukuma ni mwanamke, mnene wa wastani, kavaa koti la mlinzi lenye vifungo vya shaba. Mama huyo akaipandisha kwa shida, akatazama huku na huku.

"Unashuka wapi?" Kinoo akamwuliza, halafu akaitazama baiskeli vizuri. "Mama, samahani. Hii umeipata wapi?"

"Swali gani hilo asubuhi yote hii? Unadhani nimeiba?"

"Hapana, mama, usinielewe vibaya. Tunaijua hii. Mwenyewe ni mwenzetu hapa."

Mama mlinzi akalegeza uso. "Mimi mwenyewe simjui. Dada yangu ndiye aliyeninunulia. Anasema kuna nyumba huko mtaani kwao walikuwa wanauza vitu vya marehemu. Nguo, vyombo, kila kitu. Na hii ikiwemo."

Kinoo akavua kofia. Hakufanya hivyo kwa mbwembwe; mkono ulipanda wenyewe. "Ndiyo maana," akasema. "Ndiyo maana haonekani. Maskini Mizani." Waliokuwa karibu wakaguna, mmoja akasema alikuwa mtu mkimya lakini mstaarabu, mwingine akasema alimtengenezea mizani ya dukani na hakumlalia. Maneno ya namna hiyo, ya watu wanaomjua mtu kwa mgongo wake tu. Kisha Kinoo akamgeukia Brashi, akampa mkono.

"Pole sana, Brashi. Wewe ndiye ulikuwa jirani yake wa karibu hapa."

Brashi akaupokea mkono huo. Alipewa pole ya ndugu yake wa damu kama jirani wa baiskeli, na hakumsahihisha.

"Nataka kushuka," akasema.

"Kushuka wapi? Wewe si wa mwisho?"

"Nataka kushuka hapa. Kituo hiki."

Kinoo akaangalia baiskeli zote zilizopangwa mbele ya ile ya ukutani, akaangalia mlango, ambao tayari ulikuwa unafungwa. "Mzee wangu, wewe uko ndani kabisa. Kukutoa wewe ni kuwatoa wote. Una nini leo?"

Hapo palihitaji sentensi moja tu. Yule ni mdogo wangu. Angeisema, behewa zima lingemnyanyulia baiskeli zao juu ya vichwa. Lakini sentensi hiyo ingevuta nyingine, na nyingine, mpaka watu waulize mbona miaka yote mlisimama hapa kama hamjuani. Brashi akasema si kitu. Mama mlinzi alikuwa ameambiwa aegemeze pale palipokuwa wazi, maana naye alishuka sokoni. Baiskeli ya kijani ikaegemea ya Brashi kama zamani. Hakuweza kuiangalia.

Treni za kurudi hazikupokea baiskeli mpaka alasiri, kwa hiyo akaenda kazini. Miguu ilijua njia. Lilikuwa tangi la bweni la wanafunzi, juu ya paa, kubwa. Akafungua mfuniko, akashusha ngazi ya kamba, akaingia na brashi na ndoo. Ndani ya tangi mtu husikia pumzi yake mwenyewe imeongezwa ukubwa. Akasugua ukuta mmoja mpaka mwisho, akahamia wa pili, na katikati ya ukuta wa pili mkono ukakataa. Akamwita mdogo wake kwa jina la utotoni, lile alilolitumia mama yao alipotaka kumbembeleza. Tangi likamrudishia. Akaita tena.

"Fundi!" mlinzi wa bweni akapaza sauti kutoka juu. "Uko salama humo?"

"Dawa imeniingia machoni!"

"Basi osha, mzee, usije ukapofuka!"

Akaosha. Akakaa kwenye maji yaliyobaki, yakamlowesha mpaka kiunoni, na humo ndani akamsamehe mdogo wake. Alimsamehe yote, kejeli ya makaburini, kile kicheko cha watu, na asubuhi zote zisizo na salamu. Tuseme ukweli hapa: kumsamehe aliyekufa ni kazi nyepesi. Hakukatizi maneno, hakukumbushi yako, hana uso wa kukuangalia. Brashi hakuliona hilo. Yeye aliona kifua kimekuwa chepesi kidogo, akadhani amefanya jambo kubwa.

Alasiri alirudi katika behewa lile lile, likiwa tupu, baiskeli yake peke yake ukutani. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kumwambia shemeji. Alimkumbuka anavyocheka huku kafunika mdomo, alimkumbuka pale barabarani akiwa peku, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Nitamwambia, shemeji, nimekukosea wewe kuliko mtu yeyote. Hapana, hiyo ni ya baadaye, kwanza pole. Shemeji, pole kwa msiba. Mimi nipo. Chochote kitakachohitajika humu ndani, mimi ndiye kaka yake, mimi nipo. Akayarudia maneno hayo kwa midomo bila sauti mpaka yakamkaa vizuri. Tangi la maji la nyumba ile bila shaka lilikuwa chafu; angeanza na hilo. Angekuja kila Jumapili.

Alishuka kituo cha pili, ambacho kwa miaka hiyo yote alikipita tu. Mtaa ulikuwa na maduka mapya lakini nyumba ilikuwa ile ile, paa lile lile aliloligongomea misumari. Hapakuwa na turubai, hapakuwa na viti vya kukodi, wala viatu vilivyorundikwa mlangoni. Wamekwisha kuzika, akajiambia, nimechelewa tena. Kwenye kamba palianikwa mashati mawili na suruali. Kando ya mlango ilisimama skuta ya umeme, ile nyembamba ya kusimama wima, imekunjwa katikati na bado ina karatasi ya plastiki kwenye vishikio. Mtoto wa jirani, akafikiri. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akapanguza uso, akabisha hodi.

Aliyefungua alikuwa Mizani.

Brashi alirudi nyuma hatua moja, kiwiko kikagonga ndoo yake mwenyewe iliyokuwa kwenye kerio. Walitazamana. Mdogo wake alikuwa amezeeka usoni kuliko alivyozeeka dirishani, kwa sababu dirishani alimwona upande.

"Uko hai," Brashi akasema.

"Ulitaka niwe wapi?"

"Baiskeli yako anayo mama mmoja mlinzi. Amesema imetoka nyumba ya marehemu."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?" Sauti ikampanda Brashi, hofu yote ya siku ile ilikuwa imegeuka hasira. "Nimelia kutwa nzima! Watu wamevua kofia kule! Kinoo kanipa pole, na wewe umekaa hapa mzima wa afya, unaniambia ndiyo!"

"Ingia ndani," Mizani akasema. "Usiwape watu sinema."

Sebuleni palikuwa na kochi moja, meza, na mizani iliyofunguliwa, vyuma vyake vimepangwa juu ya gazeti. Mengine yalikuwa mapengo. Ukutani palikuwa na alama nyeupe za vitu vilivyoondolewa. Brashi akakaa kwenye ncha ya kochi. Mizani hakukaa.

"Shemeji yuko wapi?" Brashi akauliza, kwa kuwa maneno yote aliyoyapanga yalikuwa ya shemeji, na hakuwa na mengine.

Mizani alimtazama muda mrefu.

"Hivi kweli hujui," akasema. Halikuwa swali. "Nilidhani unajua ila umenyamaza. Kumbe hujui kabisa."

"Sijui nini?"

"Mke wangu alifariki mwaka juzi, kaka. Wakati wa mvua. Figo. Tulimzika kwao."

Brashi akatazama zile alama nyeupe ukutani.

"Vitu vilikuwa vyake," Mizani akaendelea, sauti yake ya kawaida kabisa, ya mtu anayemweleza mteja ubovu wa mizani. "Nimekaa navyo mpaka nikachoka kuvifuta vumbi. Nikasema viende. Na baiskeli nikasema iende navyo."

"Hukuniambia."

"Nilikuja kukuambia."

"Lini? Lini ulikuja?"

"Nilipotoka kuzika. Nilikaa siku chache nikarudi kazini, ningefanya nini. Nikapanda treni, nikaegemeza baiskeli yangu kwenye yako kama siku zote. Macho yamenivimba hivi. Hata Kinoo aliniuliza kama naumwa macho. Mimi sikwenda dirishani siku ile, nilisimama mbele yako. Nikasema leo ataniona tu. Hata kama hasemi, ataniona. Wewe ulikuwa umeinama. Unaangalia tairi."

Brashi aliikumbuka siku hiyo. Aliikumbuka vizuri mno. Tairi ya mbele ilikuwa na kiraka kipya, na jioni ile alikula chakula chake kwa raha, akajiambia mdogo wangu hajambo, amepata hata muda wa kuziba mpira.

"Nilikuwa nasubiri uniamkie," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua. Ningekuamkia. Siku ile ningekuamkia, wallahi, na nisingeona haya. Lakini ungeinua uso kwanza." Mizani akaokota skrubu mezani, akaitazama, akairudisha mahali pake. "Nikarudi siku ya pili. Na ya tatu. Halafu nikaacha kungoja, nikawa nasafiri tu."

"Kumbe skuta ya mlangoni ni yako? Umeinunua kwa sababu ya goti?"

"Goti ni zima. Skuta inakunjwa, unaingia nayo kwenye mabehewa ya viti, huulizwi. Tangu nilipoitoa baiskeli nakaa behewa la tatu na watu nisiowajua. Hawanisemeshi, na mimi sijali, kwa sababu si ndugu zangu. Kule nyuma nilishindwa, kaka. Kila asubuhi bega kwa bega na wewe, halafu narudi kwenye nyumba hii. Nilishindwa."

Brashi alitaka kusema kwamba kwake ilikuwa kinyume. Kwamba ile pedali iliyoingia kwenye spoku zake ndiyo iliyomfanya aamke asubuhi. Kwamba alimfuatilia, alimhesabu kuwa wake, hajamwacha hata siku moja. Lakini aliyaona maneno hayo yalivyo kabla hayajatoka. Alikuwa amefuatilia chuma na mpira. Mwenye baiskeli alisimama mbele yake na macho yamevimba.

"Pole," akasema hatimaye. "Pole kwa msiba, mdogo wangu."

"Asante. Nimeshapoa."

Ndivyo watu wote wanavyojibu, na pengine ilikuwa kweli. Mizani alikuwa amelia machozi yake yote katika nyumba hii, mbele ya viatu vya mkewe, pasipo mtu wa kumshika bega, na yalikuwa yamekwisha. Ya Brashi ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Alimwona shemeji yake barabarani, akikimbia peku kwenye kokoto, akimwita arudi, na yeye anakanyaga pedali kwa nguvu zaidi ili asisikie. Yule mtu hayupo. Miaka miwili hayupo, na kutwa nzima leo alikuwa anampangia maneno.

Kilio kilimtoka bila adabu yoyote, kilio cha mtu mzima asiyezoea, kikubwa na kibaya. Akainamia magoti yake mwenyewe. Mizani hakumwendea, wala hakutoka. Alisimama pale pale kando ya meza, mikono imening'inia, akimtazama kaka yake akilia msiba ambao yeye alikwisha kuumaliza.

"Lia tu," akasema. "Hapana wa kukucheka hapa."

Nyumba zile zilipakana ukuta kwa ukuta. Haikuchukua muda mlango ukasukumwa, na jirani, mama mtu mzima aliyeshika mwiko bado unachuruzika, akaingiza kichwa, macho yamemtoka kwa hofu.

"Jamani, kuna nini humu? Nani amefariki?"

"Mke wangu," Mizani akasema.

Yule mama akamtazama kama anayetazama mtu aliyechanganyikiwa, kwa sababu mwaka juzi yeye ndiye aliyewapikia watu waliokuja hapa kutoa pole.

"Huyu ni kaka yangu," Mizani akamwambia. "Ndiyo kwanza amepata habari."